Mrija Mwingine wa Kukatwa

Waliotutangulia katika Chama walilijua neno mrija kwa maana moja nzito. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mrija ulikuwa ndicho chombo cha mnyonyaji, na wito wa kukata mirija ulisikika katika mikutano ya hadhara toka Kigoma hadi Mtwara. Leo tunalirudisha neno hilo katika safu hii kwa maana yake ya asili, yaani kile kibomba chembamba cha plastiki anachopewa mtu anaponunua soda, akakitumia kwa dakika tano, kisha akakitupa chini. Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa tahariri. Sisi hatuafikiani nao, na tunaamini kwamba ndugu zetu wa visiwani hawatatuuliza sababu.

Mtu wa Bumbire, Goziba, Ikuza, Maisome, Kome au Ukara anajua kwamba kisiwani hakuna gari la taka. Kilichoshuka kutoka kwenye mashua hubaki pale pale, isipokuwa kiwe na thamani ya kukirudisha. Tazama soda yenyewe. Chupa ya kioo hurudi Mwanza au Bukoba ndani ya kreti yake, kwa sababu chupa ni pesa na mwenye duka hawezi kupata shehena nyingine bila ya kuirudisha. Kizibo hubaki, na watoto hukichezea bao. Mrija haurudi, wala hauchezewi. Hutupwa mwaloni, hukanyagwa mchangani, mvua ikinyesha ukashuka ziwani. Huko hauozi, bali hupasuka na kumomonyoka mpaka ukawa vipande visivyoonekana kwa macho.

Vipande hivyo vimekwisha kuonekana ndani ya samaki. Watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 katika soko la Mwanza, wakawapasua matumbo na kupima kilichokuwamo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalithibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vile vile. Ulikuwa ndio ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Kwa mkazi wa kisiwa, ambaye samaki ndiye chakula chake, ada ya shule ya mtoto wake na bati la nyumba yake, hiyo si habari ya wataalamu peke yao.

Tuwe wakweli lakini. Mrija si taka kubwa kuliko zote. Hesabu inayotajwa mara nyingi duniani ni kwamba mirija haifikii hata sehemu moja ya mia ya plastiki inayoingia baharini kila mwaka. Katika ziwa letu nyavu za timba zinazokatika na kuachwa majini, pamoja na chupa za maji na vifungashio, zina uzito zaidi. Anayetuambia kwamba tukiondoa mirija ziwa litakuwa salama anatudanganya. Hata hivyo mrija una sifa moja ambayo wavu na chupa havina: kwa mtu mzima mwenye afya njema hauna kazi yoyote ya lazima. Mvuvi hawezi kuvua bila ya wavu. Soda hunyweka bila ya mrija, na juisi ya miwa vivyo hivyo. Kama taifa linashindwa kuacha kile lisichokihitaji, litaacha lini kile linachokihitaji?

Sheria tunazo, na uzoefu tunao. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, ambavyo karatasi zake za plastiki zilikuwa zimetapakaa kila mwalo. Tarehe 1 Juni 2019 ilifuata marufuku ya mifuko ya plastiki, na mtu akikutwa nao faini yake ilipangwa kuwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Wananchi waliitikia, na vikapu vikarudi sokoni. Jirani zetu nao hawakulala. Rwanda, iliyoanza na mifuko mwaka 2008, ilitunga mwaka 2019 sheria inayokataza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja, mirija ikiwa miongoni mwao. Kenya, kuanzia tarehe 5 Juni 2020, ilikataza vyombo hivyo kuingizwa katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu yake. Kwa hiyo mtu wa Ngara akivuka daraja la Rusumo anaingia katika nchi ambayo mrija wa plastiki ni kitu cha haramu, na akirudi nyumbani anaukuta dukani. Kanuni zetu za mwaka 2019 zilihusu mifuko ya kubebea, mirija haikuguswa.

Katika marufuku ile ya mifuko kuna somo ambalo halina budi kusemwa wazi. Ile tuliyoiita mifuko mbadala, inayofanana na kitambaa, mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki, na ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa mirija. Tulibadili sura ya kitu, tukafurahi. Tunaihofia mirija mbadala isije ikatuendea njia hiyo. Tayari wapo wafanyabiashara wanaosifu mirija ya plastiki inayooza. Wasiloeleza ni kwamba aina iliyo mashuhuri miongoni mwa hizo huhitaji mtambo maalumu na joto la karibu nyuzi 60 ili ioze vizuri. Mtambo huo uko kisiwa gani? Ukitupwa Goziba, mrija huo utakaa kama ndugu yake.

Mbadala wa kweli hatuna haja ya kuuagiza kutoka ng'ambo. Katika nchi ya Biharamulo na Ngara, ambamo Nyantakara imo, na katika Kagera yote kwa jumla, mrija ulikuwapo kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Ulikuwa wa tete. Watu walikata matete, wakayakausha, wakachagua pingili iliyonyooka yenye uwazi wa kutosha, wakaichonga ncha ikawa laini mdomoni. Kwa mrija huo wazee walikunywa rubisi kutoka kibuyuni. Waganda huuita oluseke, na Wanyarwanda na Warundi huuita umuheha. Wateso wa Uganda hadi leo huzunguka mtungi wa ajono na mirija mirefu kuliko mkono wa mtu. (Hatuandiki haya kuisifu pombe. Malezi yetu hayaturuhusu, na maji ya ndizi ambayo hayajachachuka hunyweka kwa tete vizuri vile vile.) Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta katika mihuri ya Wasumeri, huko Iraki ya leo, picha za watu wakinywa mtungini kwa mirija zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mrija wa karatasi umekuja juzi: Mmarekani Marvin Stone alisajili ubunifu wake mwaka 1888, na kabla ya hapo hata Wamarekani walikuwa wakinywa kwa mabua ya nafaka. Plastiki ilikuja kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo anayemcheka mzee wa Nyantakara na tete lake mkononi anacheka kitu ambacho mataifa makubwa yanakitafuta sasa kwa gharama kubwa.

Na yanakitafuta kwa kubabaika. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku mirija ya plastiki kuanzia tarehe 3 Julai 2021, zikakimbilia karatasi. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji walipima aina 39 za mirija iliyokuwa ikiuzwa huko, wakakuta kemikali za kuzuia maji, zile zisizooza kwa miaka mingi, katika aina 18 kati ya 20 za karatasi na katika nne kati ya tano za mianzi. Kiasi chake kilikuwa kidogo, lakini kilikuwapo. Mirija ya chuma cha pua peke yake ndiyo haikukutwa nazo. Naye Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini mwezi Februari 2025 amri ya kuzizuia idara za serikali yake zisinunue mirija ya karatasi, akitaka plastiki irudi. Wakubwa wakivutana hivyo, mnyonge asingoje waafikiane.

Lakini tete halina budi kurudi na masharti, na sharti la kwanza ni afya. Mila ya kale ilikuwa ni kupokezana: mrija mmoja ulizunguka midomo kumi, na huo ndio uliokuwa udugu. Udugu huo leo ni hatari. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika wilaya ya Bukoba na kuua watu sita. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia Taifa kwamba ugonjwa huo umethibitishwa katika Biharamulo yenyewe. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu kumi walikuwa wamehesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Hatusemi kwamba mrija ndio uliouleta. Tunasema kwamba ugonjwa unaoenezwa na majimaji ya mwili, na kifua kikuu kinachoenea kwa watu kukaribiana, havikubaliani na mdomo wa watu wengi. Basi tete liwe la mtu mmoja. Lichemshwe kabla ya kuuzwa, likaushwe juani, likitumika litupwe shimoni au jikoni, ambako litakuwa mbolea au majivu. Hapo ndipo lilipoishinda plastiki: halihitaji kurudishwa.

Sharti la pili ni ziwa lenyewe. Matete ya ukingoni ni malazi ya vifaranga vya samaki, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Itakuwa ni kichekesho kichungu tukiyafyeka mazalia ya sato ili kumwokoa sato na plastiki. Mafunjo hayatufai kwa kazi hii, maana ndani yake yamejaa sponji. Tunachoshauri ni matete yapandwe kwa makusudi, kwenye mabonde ya vijiji vya bara yaliyo nje ya mita hizo, na yakatwe kwa zamu. Vijiji kama vya Nyantakara, vilivyo mbali na ukingo wa ziwa, vinaweza kuwa shamba la mirija ya visiwa. Mianzi nayo ipandwe. Kwa mwenye mkahawa, mirija michache ya chuma pamoja na brashi ya kuioshea itamkidhi kwa miaka, mradi asiwape watoto wanaokimbia nayo mdomoni. Na kwa nyumbani, kila aliyekulia kijijini anajua kwamba kikonyo cha jani la mpapai kina uwazi toka mwanzo hadi mwisho; hukatwa, hutolewa utomvu kwa maji, hutumika siku ile ile. Hakikai dukani kwa kuwa hunyauka, lakini nyumbani hakina gharama.

Kuna ndugu zetu ambao mrija kwao ni lazima. Mtu aliyepooza, mgonjwa asiyeweza kuinua kichwa, mlemavu ambaye mikono yake haishiki kikombe, hawa huhitaji mrija, na mara nyingi ule unaopinda, ambao tete haliwezi kuuiga. Marufuku yoyote itakayotungwa lazima iache mlango wazi kwa hospitali, zahanati na nyumba za watu hao. Tunalisema mapema kwa sababu tumekwisha kuona jinsi amri nzuri inavyoweza kutekelezwa na mgambo asiye na huruma.

Sasa tunawageukia wenye madaraka. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwa nini kikundi kimoja cha Biharamulo kisikopeshwe misumeno midogo, masufuria makubwa ya kuchemshia na turubai la kuanikia? Mtaji wake haufiki hata nusu ya bei ya pikipiki. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, limekuwapo toka mwaka 1973 kwa kazi za namna hii hasa. Shirika la Viwango, TBS, lisingoje mpaka bidhaa ikamatwe ndipo liseme haina kiwango. Likae na vikundi hivyo sasa, liwaambie tete lichemshwe kwa muda gani na lifungwe vipi. Na mawakala wa soda, ambao mashua zao hupeleka kreti visiwani na kurudi na chupa tupu, wanaweza kupakia bunda la mirija ya tete juu ya kreti bila ya kuongeza nauli.

Ofisi za Serikali zianze zenyewe. Mara ngapi tumekaa katika semina za mazingira, meza nzima imejaa chupa za plastiki na mirija yake, na mtoa mada akitueleza madhara ya plastiki huku akinyonya? Mkuu wa wilaya hahitaji sheria mpya kuamua kwamba katika ukumbi wake vitu hivyo havitaletwa tena. Anahitaji kumwambia mtu wa manunuzi tu.

Waziri mwenye dhamana ya mazingira anayo madaraka ya kutunga kanuni, kama zilivyotungwa zile za mifuko mwaka 2019. Tunamwomba aiongeze mirija, atoe muda wa mwaka mmoja ili wenye maduka wamalize akiba na vikundi vianze uzalishaji, na aanze na visiwa vya Ziwa Viktoria kabla ya miji ya bara. Visiwani mipaka ni rahisi kulindwa: bidhaa huingia kwa mwalo, na mwalo una afisa wake. Kama kanuni itashindikana Bumbire, haitawezekana Kariakoo.