Picha yenye saini ya Dalí: usilipe "ada ya uthibitisho" kabla ya kusoma haya

Wiki mbili zilizopita, mama mmoja msikilizaji wetu alipiga simu baada ya kipindi cha asubuhi. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa familia moja ya Wazungu mjini. Familia hiyo iliporudi kwao ilimwachia vyombo, godoro na picha moja ya fremu. Chini ya picha kuna saini ya penseli inayosomeka "Dalí", na namba 112/300.

Kijana mmoja dalali ameiona, akaipiga picha kwa simu, kisha akarudi na habari kwamba ni mali ya mamilioni. Ila kwanza mama atoe shilingi 150,000, ada ya kuithibitisha Ulaya. Mama alikuwa ameanza kutafuta mteja wa mbuzi wake wawili.

"Mwanangu, niuze nisiuze?" aliniuliza.

Jibu langu lilikuwa fupi: mama, usiuze mbuzi. Sababu zake ni hizi.

Picha iliyochapwa kwa jiwe

Salvador Dalí alikuwa mchoraji maarufu wa Uhispania, aliyezaliwa 1904 na kufariki 1989. Picha nyingi zenye saini yake si michoro ya mkono bali ni lithografia, yaani picha zilizochapwa kwa jiwe. Njia hiyo ilibuniwa na Alois Senefelder huko Munich, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1790.

Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, kisha jiwe hulowanishwa maji. Wino nao ni wa mafuta. Kwa kuwa maji na mafuta hayachangamani, wino hushika pale palipochorwa tu. Karatasi hulazwa juu, mashine hukandamiza, na picha hutoka.

Jiwe moja laweza kutoa nakala nyingi, na zote ni halali. Ndiyo maana huwekwa kikomo. Namba 112/300 maana yake ni nakala ya 112 kati ya 300. Saini ya penseli ni ya mchoraji kusema: nimeiona, nimeikubali. Mnunuzi analipia ahadi kwamba nakala ni 300 basi.

Ahadi ilivyovunjika

Mwaka 1974, maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra. Ndani walikuta karatasi 40,000 tupu, kila moja ikiwa na saini ya Dalí.

Fikiria mzee anayeweka dole gumba kwenye karatasi tupu ya mauziano ya shamba, kisha anamkabidhi dalali. Dole ni lake kweli, lakini kitakachoandikwa juu yake hakijui. Karatasi za Dalí zilikuwa hivyo. Yeyote aliyezipata angeweza kuchapa picha yoyote juu yake. Na waliozikosa waliiga saini yenyewe. Mwaka 1990, huko Honolulu, Marekani, wauzaji wa sanaa walitiwa hatiani kwa kuuza picha bandia za Dalí.

Kwa hiyo saini ya Dalí, peke yake, haithibitishi kitu. Na namba ya penseli mtu yeyote anaweza kuiandika.

Uangalie nini

Kwanza, vidoti. Sogeza kamera ya simu karibu na picha, au azima lenzi ya fundi saa. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mistari, kama picha ya gazeti, hiyo kwa kawaida ni nakala ya kiwandani. Picha ya jiwe huonyesha chembe zisizo na mpangilio.

Pili, karatasi. Ikiwa nje ya fremu, imulike kwenye mwanga kama unavyomulika noti kutafuta alama ya maji. Kampuni ya karatasi ya Arches ya Ufaransa iliongeza kwenye alama yake umbo la nane iliyolala mwaka 1980. Wataalamu wa Dalí huikataa picha yenye saini yake juu ya karatasi hiyo, kwa kuwa wakati huo ugonjwa ulikuwa umemzuia kusaini.

Tatu, historia. Nani alinunua, wapi, lini? Risiti ya zamani, barua, hata karatasi iliyogandishwa nyuma ya fremu, vina uzito kuliko maneno ya dalali. Usivibandue. Usifute picha kwa kitambaa kibichi, wala usikate kingo zake ili ienee kwenye fremu mpya. Kingo zikikatwa, bei inashuka.

Hata ikiwa ya kweli, tusiote ndoto. Mamilioni ya dola tunayoyasikia kwenye habari ni ya michoro ya mkono. Picha ya jiwe ina ndugu zake mamia, na bei yake hupungua ikiwa imepauka kwa jua au imeingia ukungu.

Hata kwetu yapo

Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, alifariki Dar es Salaam mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na kazi zao ni halali kwa majina yao. Lakini ukiuziwa picha yenye jina lake na mwaka 1980, huhitaji lenzi.

Fedha inaelekea wapi?

Nyumba kubwa za mnada, kama Bonhams ya London, hupokea picha kupitia tovuti zao na kutoa makadirio bila malipo. Wao hukata chao mali ikishauzwa. Basi mwambie dalali naye akate ada yake kwenye mauzo. Anayeamini mali ni ya mamilioni hawezi kushindwa kusubiri 150,000. Akikataa, ujumbe wake ni ule ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huu umetiwa fremu.

Mama yetu amekubali kuileta picha studioni Jumamosi. Tutaiangalia pamoja kwa lenzi, na tutakachokiona tutakisema hewani. Nawe ukiwa na picha ya aina hii, tutumie ujumbe kabla hujatuma pesa kwa yeyote.