Lumbesa ya baharini huanzia gatini

Mfanyabiashara wa Kariakoo hababaishwi na gunia. Akiona limeongezewa kilemba anajua kwamba kilo 100 zinazoruhusiwa zimepitwa na kwamba mkulima kapunjwa. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akipeleka mzigo Unguja au Pemba, huambiwa chombo ni cha "tani 200" akaridhika, bila kuuliza ni tani za nini.

Tani za chombo ni za namna mbili. Tani za ukubwa hukokotolewa kutokana na nafasi iliyozibwa ndani ya chombo, wala si uzito. Ndivyo ulivyoelekeza mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969. Tani za ubebaji ni uzito wa vyote vinavyopakiwa: shehena, mafuta, maji, abiria na mabaharia. Hizi za pili ndizo zinazomhusu mwenye mzigo, na sehemu yake huliwa kabla gunia la kwanza halijapanda.

Tofauti hii si ya maneno tu. Magodoro hujaza ngama, yaani tumbo la chombo, na chombo kikabaki chepesi. Saruji ni kinyume: tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, na haichukui hata mita moja ya ujazo. Kusema "nafasi bado ipo" si ruhusa ya kuongeza.

Kipimo cha macho kiko ubavuni. Tangu Uingereza ilipoweka sheria ya alama ya kupakia mwaka 1876, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, meli huchorwa duara lililokatwa na mstari. Maji yakiufunika mstari huo, imezidishiwa. Ubavu unaobaki mkavu kati ya maji na sitaha ndio akiba ya chombo wimbi linapokuja.

Hata uzito halali ukipangwa vibaya huzamisha. Wajuzi wa majahazi huweka farumi chini, karibu na mkuku, ili chombo kikiinama kirudi. Gatini mambo huweza kugeuka: saruji ya mteja aliyechelewa hupandishwa juu ya magodoro ya aliyewahi.

Gharama yake inajulikana. MV Spice Islander I, iliyopakia kupita kiasi, ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba. MV Skagit, iliyoundwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Marekani, ilipinduka karibu na Chumbe Julai 18, 2012 ikitoka Dar es Salaam. MV Nyerere ya Ziwa Victoria iliruhusiwa abiria 101. Ilipopinduka Septemba 20, 2018 walikufa zaidi ya 200.

Ukaguzi ni kazi ya TASAC na, kwa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini. Lakini mkaguzi hakai katika kila duka la Mtaa wa Kongo. Wenye mizigo wadai mambo matatu: stakabadhi ioneshe kilo badala ya idadi ya maboksi, wakala ataje tani za ubebaji kwa maandishi, mizigo mizito itangulie gatini. Nauli huenda ikapanda kidogo, na wapo watakaolalamika.

Wakumbuke kwamba katika lumbesa ya shambani anayepunjwa ni mkulima. Katika hii ya baharini anayepunjwa ni mwenye mzigo mwenyewe, pamoja na abiria aliyekaa juu yake.