Kidonda cha stima usikiangalie juu juu

Wasee wa Kisii na Nyamira, tuongee ukweli. Msee akipigwa shoti, tunaona kidonda kidogo mkononi, tunapaka dawa ya meno, tunasema ako sawa. Hapo ndipo tunapotezana watu.

Maji moto huchoma kuanzia ngozi. Stima huingia mkononi, hupita kwenye misuli na kutokea mguuni, kwa hivyo nje waona kadoa tu na ndani nyama imeungua. Misuli ikifa, uchafu wake huziba figo na mkojo unageuka rangi ya soda nyeusi. Moyo nao unaweza kupoteza mapigo. Ndiyo maana daktari hupima moyo, hutundika dripu na kuchunguza mkojo. Mkono ukivimba sana, anaupasua damu ipite, usije ukakatwa.

Kwa hivyo zima swichi kuu kwanza, usimshike kabla. Waya ya nguzoni ikianguka, kaa mbali kabisa, piga simu. Kisha mpeleke hospitali ya rufaa, Nyamira ama Kisii, hata kama anatembea na kucheka. Nauli ya leo ni rahisi kuliko harambee ya figo.