Kopo la yule mtoto si la ombaomba

KUTOKA BALTIKI
Na Mwanaidi Kombo

Wasomaji wa Tanga mlioniandikia mkitaka mapishi ya supu ya bitiruti ya Krismasi, nisubirini hadi wiki ijayo. Bibi wa Ghorofa ya Nne, jirani yangu, naye avute subira, atakuja humu humu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ina mwenyewe.

Ni Mtanzania mwenzangu. Tunaishi naye mji mmoja, Gdańsk, kaskazini ya Poland, na si mgeni tena: ana kazi nzuri, ana gari, ana mtoto aliyezaliwa hapa hapa. Jumapili iliyopita alimfukuza kwa mkono mtoto wa kike wa miaka tisa au kumi aliyesimama kwenye theluji akichangisha fedha za wagonjwa, kisha akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwamba Ulaya imefilisika hadi inatoa watoto kuombaomba njiani. Alifanya jambo baya. Sina namna ya kulipamba na wala sitafuti.

Nilikuwa natoka matembezini. Jumapili pwani siikosi, jua liwepo lisiwepo.  Asubuhi nilishuka kwenye tramu Brzeźno nikafuata ukingo wa bahari kuelekea Jelitkowo, Baltiki ikiwa mkono wangu wa kulia. Mchanga ulikuwa umeganda, buti hazizami. Baltiki haina chumvi nyingi, kwa hiyo pale maji yanapokutana na nchi kavu palikuwa na utando wa barafu. Wimbi likija linauvunja na kuvisukuma vipande juu ya mchanga, vinagongana na kulia. Bata maji weupe walikuwa wamepanda hadi nchi kavu kutafuta makombo. Siku mbili nyuma palikuwa na dhoruba, basi wanaume na wanawake wameinama kwenye magugu ya bahari yaliyotupwa ufukweni, wanachambua kwa vidole, wanatafuta vipande vya kaharabu. Wengine walikuwa wanaingia majini na nguo za kuogelea, kofia za sufu kichwani, wanacheka. Na vitoto vichanga vimefungwa blanketi ndani ya vigari, mashavu mekundu, vimelala fofofo kwenye upepo ule.

Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu yule bwana hajawahi kuyaona. Desemba jua la hapa huzama yapata saa tisa na dakika ishirini alasiri. Oktoba ikiingia, yeye hujifungia: nyumba yenye joto, gari lenye joto, ofisi yenye joto, halafu simu mpaka usingizi umchukue. Aprili anatoka na kutuambia Wapolandi ni watu baridi, hawasalimii. Atasalimiwa na nani, ndani ya gari?

Basi nikapanda tramu kurudi mjini, nikashukia karibu na mji wa kale, nikaingia Długi Targ, ule uwanja wenye chemchemi ya Neptune. Mji mzima ulikuwa na mioyo mekundu ya karatasi vifuani. Ilikuwa siku ya Finał, Jumapili ile ya Januari ambayo Orkestra Kuu ya Hisani ya Krismasi, wenyewe wanaita WOŚP, huchangisha fedha nchi nzima kununua vifaa vya hospitali. Maelfu kwa maelfu ya watu wanajitolea kutembea na makopo. Yule bwana alikuwa ametoka kunywa kahawa na wenzake wawili, tukakutana hapo, tukasalimiana vizuri. Ndipo mtoto akaja.

Ngoja niwaeleze mtoto mwenyewe. Koti la bluu limemzidi mikono. Kifuani kitambulisho chenye picha yake, kopo limefungwa kwa kibandiko ili lisifunguliwe njiani, na mama yake amesimama hatua chache nyuma, maana kwa umri ule haruhusiwi kuzunguka bila mtu mzima. Glavu ya mkono wa kulia alikuwa ameivua na kuiweka mfukoni. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nilipoona karatasi ya vibandiko aliyoishika: ile mioyo midogo haibanduki kwa glavu. Kila anayetia fedha hubandikiwa moyo, na kila moyo unataka ncha za vidole vitupu. Vidole vilikuwa vimewiva kwa baridi.

Akasema salamu yake, akanyoosha kopo kwa yule bwana. Bwana akamwashiria aondoke. Kisha akanigeukia.

“Dada Mwanaidi, umeona? Halafu hawa ndio wanaotuita sisi ombaomba.”

“Bwana, mtoto yuko mbele yako.”

“Kiswahili kakijulia wapi?”

Akatoa simu ampige picha. Mtoto alipoona simu imeelekezwa kwake, akatabasamu, akaliinua kopo juu kidogo ili lionekane vizuri. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze kwa niaba ya mtu mwingine.

Nilitia nilichokuwa nacho. Mtoto akanibandikia moyo kwenye ukosi wa koti, akaubonyeza mara mbili kwa kidole gumba ushike, akaenda kwa wengine. Mama yake alinitazama tu. Sikupata la kumwambia.

Sasa tuongee. Orkestra hii ilianzia kwenye muziki wa roki, ndiyo maana naipenda mara mbili. Mwanzilishi wake, Jurek Owsiak, alikuwa mtangazaji wa vipindi vya muziki huo redioni. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye ukomunisti, hazina tupu, hospitali hazina mashine, na madaktari wa upasuaji wa moyo wa watoto wakaomba msaada kupitia kipindi chake. Wasikilizaji walikuwa vijana wenye nywele ndefu na jaketi za ngozi, wale ambao wazee wa mtaa huvuka barabara wakiwaona. Ndio waliochanga. Finał ya kwanza ilifanyika tarehe 3 Januari 1993, na toka hapo haijakosa mwaka. Mwaka 2024 zilipatikana zaidi ya zloti milioni 280, kama dola milioni 70 za Marekani. Mwaka 2025 fedha zilikuwa za watoto wenye saratani na magonjwa ya damu. Na tangu 1995 kuna shukrani ya Orkestra, tamasha la roki la kiangazi lisilo na kiingilio, ambalo leo linaitwa Pol'and'Rock. Nimelala kwenye hema pale, nimeona watu wazima wakigaagaa kwenye matope kwa furaha, na kijana asiyenijua akanishika mkono nisianguke mbele ya jukwaa. Mwenye kuniambia watu hawa ni baridi aje kwanza hapo.

Kila mashine inayonunuliwa kwa fedha zile hubandikwa moyo mwekundu. Ingia hospitali yoyote ya watoto nchini hapa uangalie. Tangu mwaka 2002 Orkestra imewezesha watoto wachanga kupimwa masikio kabla hawajatoka wodini: mtoto anawekewa kidude laini sikioni akiwa amelala, mashine inatoa mlio mdogo, kisha inasikiliza sikio linavyojibu. Kitabu chake cha afya kinabandikwa karatasi ya bluu kama mambo ni salama, ya njano kama anahitaji kufuatiliwa.

Bwana huyu ana binti. Alipozaliwa nilikwenda wodini kumpa mama yake hongera, na nilikuwepo walipokuja na mashine. Niliuona ule moyo mwekundu ubavuni mwake. Karatasi ya bluu nikaonyeshwa na baba mwenyewe, kwa furaha, anaipiga picha pia. Pale Długi Targ nilimkumbusha. Unajua alijibu nini?

“Mimi nalipa kodi. Mashine ni kazi ya serikali.”

Kodi nalipa na mimi. Mama wa yule mtoto analipa. Wapolandi wenyewe wanagombana juu ya hili kila Januari: wapo wanaosema serikali inajificha nyuma ya kopo, na wapo wasiotaka hata kulisikia jina la Owsiak. Wana haki ya kugombana, ni nchi yao na hospitali zao. Lakini wanagombana wao kwa wao, hawamgeuzii mgongo mtoto aliye mbele yao. Na huyu bwana hakuwa anagombana na serikali yoyote. Serikali ilikuja baadaye, alipobanwa. Kwanza ilikuwa dharau, na dharau hiyo aliielekeza kwa mtu mdogo kuliko wote waliokuwa uwanjani.

Tena Gdańsk! Mji mwingine wowote ningeweza kusema hajui. Hatua chache kutoka pale tuliposimama ni Targ Węglowy. Tarehe 13 Januari 2019, saa mbili usiku, wakati nchi nzima inawasha taa kwa ajili ya Orkestra, meya wa mji huu Paweł Adamowicz alikuwa jukwaani pale akiwashukuru watu. Mchana kutwa alikuwa ametembea mitaani na kopo lake, yeye mwenyewe, meya. Mtu mwenye kisu akapanda jukwaani akamchoma. Alifariki siku ya pili. Ukaanzishwa mchango mtandaoni wa kulijaza kopo lake la mwisho. Lengo lilikuwa zloti 1,000. Zilifika karibu milioni 16. Mkazi wa mji huu asiyejua habari hiyo amekataa kuijua.

Na kwao ni Arusha, huyu bwana. Tengeru iko pua na mdomo na Arusha mjini. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, watu kama 5,000, wengi wao kina mama na watoto waliotoka uhamishoni Siberia wakapitia Uajemi. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Bibi wa Ghorofa ya Nne ndiye aliyenipa kisa cha Tengeru kwa mara ya kwanza, ngazini, siku aliposikia natoka nchi gani. Alinishika mikono yote miwili na hakuniachia mpaka chai ilipokuwa mezani.

Na Bibi mwenyewe, kama nilivyoahidi. Usiku ule ule wa Jumapili nilikwenda kwenye tamasha, katika ukumbi mmoja ulio ndani ya eneo la zamani la kiwanda cha meli, kile ambacho wafanyakazi wake waligoma Agosti 1980 na chama cha wafanyakazi Solidarność kikazaliwa. Kiingilio ni chochote unachotia koponi. Tulikabidhi makoti, tukaingia kwenye joto na harufu ya watu. Bendi tatu za hapa hapa, magitaa ya umeme, ngoma zinagonga mpaka kwenye mbavu. Wazee wenye mvi zilizofungwa mkia wamesimama na wajukuu wao waliozibwa masikio kwa vile vizuizi vikubwa vya rangi. Bibi naye alikuwepo, na koti lake jeusi la ngozi la enzi za Jarocin. Miaka ya 1980, akiwa mwalimu kijana, alikuwa akipanda treni kwenda kwenye tamasha la roki la Jarocin, na mkuu wa shule asijue.

Katikati ya bendi ya pili na ya tatu ulifanyika mnada. Gitaa lililosainiwa, keki, skafu iliyofumwa kwa mkono. Halafu mshereheshaji akainua chupa ya matango ya chumvi.  Bibi alikuwa ameleta chupa tatu. Ukumbi ukaanza kupandishiana bei kwa makelele, na ile ya mwisho ikachukuliwa na kijana mwenye michoro shingoni kwa bei ambayo ingenunua gunia zima la matango sokoni. Bibi alisimama wima, moyo mwekundu kwenye ukosi wa ngozi, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Nikaimba pamoja na wenzangu nyimbo ambazo maneno yake nimejifunza ukumbini, si darasani. Hapa ndipo ninapoishi.

Sasa wewe, bwana, maana najua safu hii unaisoma, umeniambia mwenyewe. Picha ya yule mtoto bado imo kwenye kundi letu la WhatsApp, na maneno yako chini yake, na watu wazima wanacheka. Katika kundi hilo hilo, Jumatano, umetutumia kadi ya mchango wa harusi ya mdogo wako, na namba ya kutumia fedha, na tarehe ya mwisho. Mdogo wako hatumjui. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuita ombaomba. Futa ile picha, useme mbele ya kundi kwa nini umeifuta, na mchango wangu utaupata siku hiyo hiyo.