Undugu Hauchukui Nafasi ya Likizo

Wakenya wengi tuliohamia Minnesota tulianzia kwenye kazi ya kulea wazee: zamu ya usiku, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumpa dawa, kuandika ripoti kabla ya wenzako wa asubuhi kufika. Siku hizi tajiri naye huenda akawa Mkenya mwenzako, mwenye nyumba mbili tatu za wazee kule Brooklyn Park, na Jumapili mnakaa benchi moja kanisani.

Mwaka jana mwanangu alishikwa na homa kali. Nikampigia bosi wangu wa wakati huo. "Dada, sisi ni familia," akaniambia. "Tafuta mtu akushikie zamu."

Sheria ya jimbo inamkataza kusema hivyo. Tangu Januari 1, 2024, karibu kila mfanyakazi hapa, hata wa saa chache, anajiwekea saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Atazitumia akiugua yeye au mtoto wake, au shule ikifungwa kwa sababu ya theluji. Baadaye yakaongezwa mazishi, jambo ambalo sisi wa kuchangishana kila mwezi tunalijua uzito wake. Na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha umtafute wa kushika zamu yako. Hiyo ni shughuli yake.

Januari 1, 2026 ikaja kubwa zaidi: bima ya likizo ya jimbo. Ukijifungua, ukiugua sana, au ukiuguza mzazi, unalipwa sehemu ya mshahara hadi wiki 12, na ukichanganya likizo ya ugonjwa wako na ya familia, hadi wiki 20 kwa mwaka. Mchango ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, yaani senti 44 kwa kila dola 100. Soda ni ghali kuliko hiyo.

Wenye nyumba za wazee wanalalamika, na si bure. Mzee haachwi peke yake usiku. Asipofika mmoja, mwingine atalipwa, tena pengine kwa saa za ziada. Ndiyo maana kampuni ndogo zenye mishahara ya chini zimepunguziwa mchango. Lakini anayeniita dada siku ya zamu kisha akanisahau siku ya malipo, undugu wake siuelewi.

Ndugu msomaji unayefanya kazi hapa, mwajiri anatakiwa akuonyeshe kwa maandishi, kila kipindi cha malipo, una saa ngapi za likizo. Ziulize wiki hii. Akikufukuza kwa kuuliza, amevunja sheria, na idara ya kazi ya jimbo inapokea malalamiko.