Nguo ya Kwenda Diwali

Diwali huangukia Oktoba au Novemba, katika usiku usio na mwezi. Nchini Uganda, tangu Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 walipoanza kurejea katika miaka ya 1990, taa zake zimewaka tena, na huenda familia ya askari iliyoko Mbarara ikaalikwa na jirani Mhindi.

Mama mpenzi, usikope fedha ili ununue sari. Sari ni kitambaa cha yadi 6 hivi, na kitenge kizima, kama vile vya akina mama wa Kikongo huko Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nacho ni yadi 6. Hata hivyo, usijaribu kukivaa kama sari: kitenge ni kigumu, na marinda yake husimama kiunoni kama karatasi. Kishonwe gauni na mtandio. Kitavaliwa tena arusini.

Chagua nyekundu, manjano au kijani kilichokolea. Nyeupe tupu, kwa Wahindu wengi, ni ya msiba, na nyeusi huepukwa.

Lililo kubwa ni moto. Vitaa vya udongo huwekwa chini, vizingitini, karibu na pindo za nguo. Nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Pamba nayo huungua, ila haigandi hivyo. Basi pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, na mtandio ubanwe kwa pini.

Mtoto asivalishwe mabaka ya kijeshi, hata baba akiwa koplo. Sheria ya Uganda inawakataza raia. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo soksi za baba zikaguliwe mapema.