Damu ya Mtoto Haingoji Zamu

Lijapo gonjwa kubwa, macho yote huelekea kwake. Hilo si kosa. Kosa ni kusahau kwamba magonjwa ya jana hayajaondoka. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, zilizitumia kupimia gonjwa hilo jipya mashine zilezile zilizokuwa zikipima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu. Mashine ilikuwa ileile, na mikono ya kuiendesha ileile. Je, damu iliyoambiwa ingoje ilikuwa ya nani?

Ilikuwa damu ya wanyonge. Tumtazame mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi. Hupimwa afikapo wiki 4 hadi 6, kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa juu ya karatasi. Watoto walioambukizwa wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi katika miezi ya kwanza. Basi karatasi ile ikilala kabatini wiki baada ya wiki, tusiseme kwamba kazi imechelewa tu. Huo ni uhai unaopotea kimya, wala hauhesabiwi miongoni mwa waliouawa na gonjwa jipya.

Hata jibu litokapo, yatupasa kuuliza ni jibu la namna gani. Makosa mengi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine: jina limebandikwa kwenye chupa isiyo yake, damu imeganda, au imekaa mno njiani katika joto. Ndiyo sababu maabara njema hukagua kila chupa inayopokelewa, huijaribu mashine kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana, na hukubali kutahiniwa kwa sampuli zitokazo nje. Kazi inapozidi nguvu za watu, hayo ndiyo huwa rahisi kurukwa, kwa maana hayaonekani katika taarifa ya wakubwa. Taarifa huhesabu vipimo vya siku. Nasi twasema waziwazi: wingi wa majibu yasiyoaminika si huduma, ni udanganyifu.

Kisha lawama humwangukia mtaalamu wa maabara. Hiyo ni dhuluma ya pili. Desemba 2020 wataalamu wa maabara nchini Kenya waligoma pamoja na wauguzi na matabibu, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na posho ya kazi ya hatari. Wako wasemao kwamba kugoma wakati wa msiba ni usaliti. Je, anayemwacha mfanyakazi ashike damu ya wagonjwa bila kinga wala pumziko, yeye tumwiteje?

Kwa hiyo twadai mambo matatu kabla gonjwa jingine halijabisha hodi. Kwanza, gonjwa jipya lipewe mashine na watu wake, lisinyang'anye vya wagonjwa wa zamani. Pili, ukaguzi wa ubora usisimamishwe kwa kisingizio cha dharura. Tatu, mtaalamu wa maabara alindwe na alipwe kama mtu anayebeba uhai wa wengine.

Nanyi waamini, msingoje serikali izungumze peke yake. Nendeni katika kituo chenu cha afya mkaulize: damu ya mtoto ikichukuliwa hapa leo, jibu litarudi baada ya siku ngapi? Wasipoweza kuwajibu, ulizeni tena, tena kwa wingi wenu.